Nepi Iliyoahidi Kuoza

Neno lilianza kwa Thuwaiba, na Thuwaiba alilipata kwa mtu ambaye hakutaka kumtaja: ati ndani ya jabia kubwa la Ndau, birika la maji ya kunywa, mna nepi ya mtoto. Si mpya. Imeshavimba, imelala chini gizani, na kijiji kizima kinakunywa juu yake.

Thuwaiba alilisema hilo akichambua mchele barazani kwa Mwanamkisi, kisha akaendelea na habari za harusi ya Pate kana kwamba hakusema kitu. Mwanamkisi alikuwa na kikombe mkononi. Maji yalikuwa meupe, baridi ya mtungini, ungeyatazama ukaliona ua lililochorwa chini ndani ya kikombe. Funda lilikuwa limeshaingia kinywani, na mbele ya mgeni hakuwa na pa kulitema. Akalimeza. Likashuka polepole, kama kitu chenye miguu.

Kuna uvumi unaoingia sikio hili ukatokea lile. Huu uliingia sikioni ukateremka tumboni, ukakaa. Chai ikamnukia. Uji ukamnukia. Alipopika wali alitazama mapovu ya chungu akaona kitu kinavimba. Usiku akiamka na kiu, alirudi kulala na kiu yake.

Na maji mengine hapakuwa. Ndau ni kisiwa kidogo, kila kitu huja kwa boti isipokuwa mvua. Visima viko, lakini maji yake ni ya chumvichumvi, ya kufulia na kuoshea vyungu. Ya kunywa ni ya jabia: mvua hunyesha juu ya sakafu yake pana, huteremka kwa mfereji, huingia katika birika lililofunikwa, na humo watu huchota mpaka mvua nyingine. Siku zile ilikuwa mwisho wa kiangazi. Maji yameshuka, kila mchotaji ameongeza kamba ya ndoo yake.

Angekuwa peke yake, labda angekunywa akanyamaza kama wenziwe. Lakini Shifaa, binti yake wa pekee, mwenye miezi minane, alianza kuhara. Si kuhara kwa meno. Kuhara kwa maji matupu, ya kijani, mpaka macho yakaingia ndani na utosi ukabonyea kama embe lililoanguka. Baba yake, Fadhil, alikuwa Kiwayu kwenye uvuvi wa kamba, na simu yake ilishika siku inapotaka yenyewe.

Mwanamkisi akamfunga mwana kwa mbeleko akaenda dispensari. Phineas, muuguzi, mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili cha kisiwa kwa kuanzia matusi, alimpa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki. Halafu akauliza maji anayotumia ni ya wapi. Aliposikia ya jabia, akamwambia achemshe.

"Nikiichemsha nepi," Mwanamkisi akamwambia, "si nitapata supu ya nepi?"

Phineas alicheka, kisha akaona kwamba mwenziwe hacheki. Akasema vijidudu vitakufa kwa moto, lakini uchafu wenyewe hauondoki kwa kuchemshwa, na mtoto mwenye hali ile akipata maji mabaya tena na tena, yeye hana dawa ya kushindana nayo. Akamwandikia jina la hospitali ya Lamu kwenye kadi, ampeleke mwana huko dawa zikishindwa.

Nyumbani mkwewe, Bi Barka, alikuwa ameshausikia uvumi, na hakuushangaa. Bi Barka alilea watoto wake wote kwa winda, kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa pembe tatu. Nepi hakuzipenda tangu siku ya kwanza zilipoingia nyumbani mwake.

"Sisi mwana akinya, mavi yenda chooni, winda lenda kisimani, kesho lavaliwa tena," alisema. "Nyinyi mavi mwayafunga vyema kama zawadi ya arusi, kisha mwayatupa ndiani. Sasa yamewarudia na mai."

Sehemu ya maneno yale ilikuwa kweli na sehemu nyingine haikuwa. Si kweli kwamba Mwanamkisi ni mjinga wa vitu. Jikoni mwake tui lilikamuliwa kwa kifumbu cha ukili, si kwa chujio la plastiki. Kifumbu kikichakaa hutiwa mekoni, kikaivisha wali uleule kilioukamulia nazi, lakini chujio likivunjika vipande vyake hubaki uani miaka, kuku wakividonoa. Mkeka wake ulikuwa wa ukindu. Ule wa plastiki alioletewa harusini ulipoanza kupukutika kwa jua, nyuzi zake za rangi zikaingia mpaka kwenye unga, na akautupa mkeka kwa hasira. Hata nepi alichagua. Hakununua zile za kawaida. Alinunua nepi za jani.

Nepi za jani aliletewa na Husni, mwenye duka karibu na gati. Pakiti yake ilikuwa ya rangi ya udongo, na kila nepi ina jani la kijani limechorwa kiunoni. Husni aliwaambia wanawake kwamba hizo zimetengenezwa kwa mianzi. Zinaoza zenyewe. Tupa popote, ni mbolea. Bei yake ilipita ya zile nyingine, lakini mama anayetaka usafi hatazami bei.

Bi Barka siku ile alikuwepo dukani. "Yaoza?" alimwuliza Husni. "Yamuoza nani? Na mahari ni ngapi?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikilia meza. Lakini walinunua. Na neno lile, inaoza, likawatoa hofu wote. Kitu kinachooza chenyewe hakina haja ya kutafutiwa mahali.

Hapa pana jambo ambalo mgeni asingeliona. Ndau kuna jaa la taka, na jaa huchomwa moto. Lakini nepi haipelekwi jaani, kwa sababu kila mama wa kisiwa kile ameambiwa na mamake kwamba ukiyachoma mavi ya mwana, makalio ya mwana yatatoka malengelenge. Hata wale wanaosema hawaamini, hawajaribu kwa mtoto wao. Basi taka zote huenda jaani, na nepi huenda pengine: baharini maji yakitoka, au kichakani nyuma ya jabia, penye kivuli na pasipopita wanaume. Kila mama aliificha yake kwa upendo. Hakuna aliyeitupa kwa uovu.

Asubuhi iliyofuata Mwanamkisi alimwacha Shifaa kwa bibi yake akaenda kichakani kwa macho ya kutazama, si ya kutupa na kugeuka.

Harufu ilimpokea kabla ya nzi. Mbuzi walikuwa wamezipasua nepi, na kunguru wamemaliza kazi ya mbuzi. Pamba zimetapakaa juu ya miiba kama manyoya ya ndege waliochinjwa. Chini mlikuwa na kitu kama sagu iliyopikwa ikaachwa, vijipunje vya utelezi vyenye rangi ya mkojo, na kila alipokanyaga vilimganda kwenye ndara. Vitambaa vibichi vya pakiti, vile vya kufutia watoto, vilikuwa vimejisokota kwenye mizizi, vyeupe bado, vinapeperuka. Zilikuwa nepi za kila nyumba, na zake zimo. Akainua macho kufuata mteremko. Kichaka kinashuka hadi ukingo wa sakafu ya jabia, na ukingo ulikuwa umemomonyoka upana wa kupita mbuzi. Mavi ya mbuzi yalikuwa juu ya sakafu. Kipande cha nepi kilikuwa kinywani mwa mfereji, kimekauka, kinangoja mvua.

Alitapika pale pale, juu ya uchafu mwingine.

Sasa alijua njia. Lakini njia si ushahidi. Ufunguo wa mfuniko mkubwa wa jabia ulikuwa kwa Bwana Uthman, msimamizi wake, na Bwana Uthman alikuwa ameshawajibu watu wawili watatu waliomwuliza: hata kama kipande kilianguka, kilikuwa cha jani, na cha jani kimeshaoza, kimekuwa tope kama tope jingine. Alisema hivyo kwa sababu Husni alisema hivyo. Na kulimwaga jabia mwisho wa kiangazi ni kuwafanya watu wanunue maji ya boti mpaka mvua ije. Nani atakubali hayo kwa maneno ya barazani?

Mwanamkisi alirudi nyumbani akaketi uani akimtazama Shifaa, ambaye sasa hakulia tena bali alikuwa akinung'unika tu. Mbele yake ulisimama mpapai. Ndipo alipokumbuka.

Mpapai ule ulipandwa Shifaa alipotimiza siku arobaini. Bi Barka aliweka shimoni makumbi ya nazi na kipande cha kanga kilichochanika, vishike unyevu, kama walivyofanya wazee wake. Na Mwanamkisi, kwa kuwa Husni alisema ni mbolea, aliweka kando yake nepi moja ya jani, ya mwana mwenyewe, iliyotumika. Mvua ya vuli ilinyesha juu ya vyote vitatu. Jua lilivipiga vilevile. Udongo ulikuwa mmoja.

Akachukua jembe.

Bi Barka alimwuliza kama amepatwa na wazimu, kuufukua mpapai wa mwana. Udongo wa juu ulitoka mkavu, kisha mweusi. Makumbi yalikuwa yamelainika, ukiyabana yanakatika kama mkate wa jana, na mizizi imepita katikati yake. Kanga hakuiona mpaka alipotazama vizuri: palikuwa na alama nyembamba ya udongo mweusi zaidi, na uzi mmoja wa pindo. Alipougusa, ukawa vumbi.

Halafu jembe likagusa kitu laini kikamrudisha mkono.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hawakuwahi kufukua nepi. Ilitoka nzima, imevimba kama tumbo la samaki aliyesahauliwa juani, mizizi ya mpapai imeizunguka bila kuingia, imeikwepa. Alipoipasua kwa ncha ya jembe, uvundo ulitoka kama ulikuwa ukingojea mlangoni. Mavi ya mwana wake wa siku arobaini yalikuwemo bado, rangi yake bado, yamehifadhiwa kama achari. Plastiki ya ndani inang'aa. Vijipunje vya utelezi vikamwagika juu ya mguu wake. Na kiunoni, jani. Kijani kibichi, kama lilichorwa asubuhi ile.

Bi Barka alijifunika pua kwa mtandio.

"Mianzi gani hii," alisema hatimaye, "isiyokuwa na ukuni ndani?"

Mwanamkisi aliitia katika pakacha, na kando yake akaweka bonge la yale makumbi na ule udongo mweusi uliokuwa kanga. Wakaenda pamoja, mkwe na mkaza mwana, Shifaa akiwa mgongoni mwa bibi yake, mpaka kwa Bwana Uthman, aliyekuwa ameketi na wenziwe barazani kwake baada ya alasiri. Husni alikuwepo pia, anakunywa kahawa. Kahawa ya maji ya jabia.

Bi Barka alitoa salamu kwa niaba ya wote wawili. Mwanamkisi akaeleza kuhusu mwana, kuhusu kichaka, kuhusu ukingo uliomomonyoka. Bwana Uthman alimsikiliza kwa adabu, maana si mtu mbaya, kisha akajibu kwa elimu yake. Maji yakiwa mengi, alisema, na hayakubadilika rangi wala harufu wala ladha, hayanajisiki. Yeye mwenyewe ametawadhia hayo hayo adhuhuri ile.

"Sikuulizi udhu, Bwana Uthman," Mwanamkisi akasema. "Udhu wako Mwenyezi Mungu ataupokea inshallah. Nauliza tumbo la mwanangu."

Akalifungua pakacha.

Wazee wakarudi nyuma na vikombe vyao. Mmoja alimwaga kahawa juu ya kanzu. Mwanamkisi, ambaye siku nyingine asingeinua sauti mbele ya baraza la wanaume, aliwaonyesha kwa kijiti, kimoja kimoja: haya ni makumbi, hii ilikuwa kanga, na hii ni nepi inayooza. Shimo moja, siku moja, mvua moja. Mpapai umeshatoa maua. Kisha akamwuliza Bwana Uthman: ikiwa ardhi yenye wadudu na joto imeshindwa kuila, chini ya jabia penye baridi na giza nani ameila?

Husni alisema labda haikuzikwa vizuri. Labda inataka kiwanda maalumu cha kuozesha, kule Ulaya.

"Hukutwambia habari za Ulaya," Bi Barka akamwambia. "Ulitwambia yaoza. Mwanangu, posa yako imekataliwa. Hii haiozi wala haiozwi."

Hapana aliyecheka. Bwana Uthman aliitazama nepi, akakitazama kikombe chake, akakiweka chini taratibu. Akaingia ndani kuuchukua ufunguo.

Walilifunua jabia kungali mchana, mbele ya watu. Maji juu yalikuwa yaleyale, meupe, yakionyesha nyuso za waliochungulia. Akashuka kijana mmoja kwa ngazi, na tochi, na upondo wenye ndoana. Alipokoroga chini, wingu likapanda. Wingu lile lilikuwa la kahawia, na lilikuja na harufu ambayo hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nini.

Nepi ya kwanza iliinuka na upondo ikining'inia, nzito kama mtoto. Maji yalichuruzika kutoka ndani yake yakarudi jabiani. Ya pili ilipasuka juu ya ngazi, na utelezi wake ukamtiririkia yule kijana kichwani. Nyingine zikafuata, na vitambaa vyeupe vimezisokota kama kamba, na ndani ya moja alikuwemo panya. Nyingi hazikuwa na alama. Lakini mbili zilikuwa na jani, na jani lilikuwa kijani.

Mama mmoja alianza kulia kwa sauti ndogo, akitaja kila alichopika wiki ile. Bwana Uthman aliondoka hatua chache, akashika ukuta, akatapika mpaka akakaa chini. Alipomaliza alisema maji yatolewe yote, lisibaki hata kopo.

Jabia likamwagwa, likasuguliwa kwa chokaa, ukingo ukajengwa, kichaka kikasafishwa na wanawake wenyewe kwa majembe, pua zimefungwa. Maji ya kunywa yakaja kwa boti kutoka upande wa Kililana, kila nyumba kwa madumu yake, ghali na machache. Husni alitakiwa apakie zile nepi zilizokusanywa kwenye boti iletayo bidhaa zake, zirudi Lamu zilikotoka. Alizipakia. Nahodha alimtukana safari nzima.

Shifaa hakupona siku ile wala ya pili. Mwanamkisi alimnywesha dawa kwa kijiko, kwa maji ya dumu yaliyochemshwa, na kila kijiko alikinusa kwanza. Kadi yenye jina la hospitali ilikaa chini ya mto. Halafu asubuhi moja mwana alikojoa, mkojo wa kweli, akamlowesha bibi yake mapajani, na Bi Barka akapiga kigelegele kama kwenye harusi. Phineas alisema hawezi kuapa kwamba ni nepi iliyomwumiza. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe ameanza kunywa maji ya dumu.

Winda likarudi. Si kwamba halina gharama: linataka mikono, sabuni na jua. Wengine walisema kisiwa chenye kiu hakiwezi kufua mawinda. Mwanamkisi akawaonyesha. Mavi chooni kwanza. Kuloweka na kufua kwa maji ya kisima, ambayo hata hivyo hayanyweki. Mwisho suuza kwa kopo moja la maji matamu, chumvi isimkwaruze mwana, na maji hayo umwagie mpapai. Winda moja hutumika mpaka mtoto ajifunze choo, kisha huwa tambara la jikoni, kisha udongo. Nepi hutumika kwa muda wa usingizi mmoja wa mtoto, kisha hubaki baada ya mtoto kuzeeka.

Mvua ya masika ilipokaribia, Mwanamkisi alichukua kipande cha makaa akaenda kwenye ukuta mweupe wa jabia, upande wa wanawake wanaochota. Hakupita darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa kusomeka. Bwana Uthman alimwona akiandika kwenye ukuta aliotoka kuupaka chokaa, akapita njia yake.

Aliandika hivi:

Usitupe nepi nyuma ya jabia. Wala ya jani.

Usitupe nepi baharini. Samaki hao utakuja kuwala wewe.

Usiamini neno INAOZA mpaka umeizika mwenyewe ukaifukua.

Usifunge mavi. Yapeleke chooni.

Usitumie vitambaa vya pakiti kumfuta mwana. Maji na tambara vyatosha.

Usiwaache mbuzi wapande sakafu.

Usinunue cha plastiki ikiwa kipo cha ukindu, cha kumbi au cha pamba.

Usinywe maji kwa sababu tu ni meupe.